Posti Kumi na Nane za Kaka Yako

Karakana ya Kaa Vizuri,
Nyuma ya duka la rangi,
Jumapili, tarehe 19.

Mpendwa wifi yangu,

Kabla ya yote nauliza mgongo. Mara ya mwisho tulipozungumza vizuri uliniambia huko kazini mnainua wagonjwa wazito kuliko nyinyi wenyewe, na jioni unavua kiatu kwa kukisukuma na mguu wa pili kwa sababu kuinama huwezi. Je, umepata nafuu? Ule mkanda wa kiunoni unauvaa, au umeutundika nyuma ya mlango kama ninavyokujua? Na wanangu wawili wa huko hawajambo? Shemeji kifua chake kimetulia? Nawaombea uzima wote, mmoja mmoja.

Mimi mwili mzima. Goti la kushoto ndilo linalonung'unika kwa sababu ya pedali ya cherehani, lakini tumezoeana, likinuna nalipumzisha, likicheka tunafanya kazi. Binti yako, huyu niliyemzaa mimi, naye mzima, bado yuko kwenye ule mji wake wa kazi, anakuja mwisho wa mwezi, analala siku mbili, anapika sufuria kubwa ya kunitosha wiki, anaondoka. Akifunga mlango nasikia nyumba inavyorudi kuwa kubwa.

Najua umeshangaa kuona bahasha. Simu yangu kwako haiiti tangu ile Ijumaa, na ujumbe wangu wote umebaki na tiki moja. Nimeelewa kwamba umenifungia. Sikulaumu. Lakini bahasha haina pa kufungiwa, na posta bado wanapeleka. Nakuomba kitu kimoja tu: isome mpaka mwisho, halafu ukitaka kuichana, chana.

Wifi, kaka yako alikuwa anakuja kwako.

Nimeliandika hilo haraka kabla sijaogopa. Siku ile aliyofariki, Alhamisi, zilikuwa zimebaki siku tatu asafiri. Tiketi ilikuwa kwenye droo ya nguo zangu, ndani ya soksi, kwa sababu alikuwa anaogopa utampigia simu ya video aishike mkononi kwa kusahau. Alitaka akutokee mlangoni. Shemeji alijua, ndiye aliyeandika barua ya mwaliko. Muulize. Na siku ya msiba alinipigia akilia, akaniomba nisikuambie kamwe, kwa sababu ulikuwa umeshaumia vya kutosha kwa kumzika kaka yako kwenye kioo cha simu, na ungejua ungejilaumu. Nikakubali. Nimekaa na siri hiyo wiki kumi, na ndiyo iliyonifunga mdomo uliponigombeza. Usimnunie mumeo. Alikuwa anakulinda, ila ulinzi wenyewe umetugharimu mimi na wewe.

Sasa nikueleze habari ya zile posti, maana ndizo zilizotutenganisha.

Unakumbuka kaka yako na ule ukurasa wa karakana. Mimi nilidhani ni mchezo wa uzeeni. Lakini baada ya mwaka mmoja, kati ya makochi matano yaliyoingia, matatu yaliletwa na watu waliotuona mtandaoni. Walimwita Springi, kwa sababu kila mara alikuwa na la kusema kuhusu springi. Akawa na utaratibu wake: Jumatatu picha ya kochi kabla halijavishwa na baada, Jumatano ushauri, Ijumaa utani. Hakukosa hata siku moja. Mtu akimwambia ukurasa wake mzuri, anatembea siku nzima kama amevishwa yeye.

Safari ilipopangwa, ukurasa ndio ulimkosesha raha kuliko pasipoti. Wiki sita ni nyingi. Nikamwambia aandike tu kwamba amesafiri, mke wake yupo. Akakataa kabisa.

"Ukisema umesafiri, mteja anahamia kwa fundi mwingine," alisema. "Na akihama amehama. Harudi kukuuliza umerudi lini."

"Kwani mimi si fundi?"

"Wewe ni fundi kuliko mimi. Lakini wao hawajui, na sina wiki sita za kuwafundisha."

Basi Jumapili nne mfululizo tulikaa karakanani kufanya kazi hiyo. Alichukua daftari la vipimo, akachora vyumba kama vya kalenda, safu sita, kila safu vyumba vitatu. Jumla kumi na nane. Kila chumba akaandika kwa penseli itakayokwenda siku hiyo. Mimi nilishika shuka jeupe nyuma ya viti ili picha zitoke safi, mikono juu mpaka mabega yakawaka moto, naye anarudi nyuma, anasogea mbele, anapiga magoti, anasema bado kidogo, bado kidogo. Tulicheka sana Jumapili zile. Nilikuwa sijui kwamba siku zetu zinahesabiwa.

Kitu ambacho sikukijua ni hiki: niliamini kwamba atazituma mwenyewe kutoka kwako, moja moja, siku ikifika. Hakuniambia kwamba alikuwa ameshazipanga ndani ya simu, kila moja na tarehe yake na saa yake, zijitume zenyewe hata simu ikiwa imezimwa.

Tulimzika Jumamosi. Jumatatu saa mbili asubuhi nilikuwa nimekaa chini sebuleni na wanawake wa mtaa, simu yangu ikalia. Nikaitazama. Jina lake. Picha yake. Na chini yake: "Jumatatu njema, wapendwa. Kochi hili lililetwa likiwa limekata tamaa. Tazama sasa. Karibuni, nipo."

Wifi, nilipiga ukelele mpaka mama mmoja aliyebeba trei ya vikombe akaiachia. Simu ilizunguka chumba kizima, mkono kwa mkono. Wengine wakasema ni wezi wa mtandao. Wengine wakanitazama mimi kwa jicho la kunishuku. Mchana dada fundi simu wa pale kona, yule mwenye miwani mikubwa, akaja kunipa pole, akaiona, akanieleza jinsi mambo hayo yanavyopangwa mapema. Akaniambia, "Mama, ukitaka naweza kuwaandikia wenye mtandao, tukawapa cheti cha kifo, wakaufunga ukurasa. Zitakoma."

Nikamwambia hapana.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, na sitaki kulificha ndani ya maneno mengi. Ningeweza kuzikomesha wiki ya kwanza kabisa. Wewe ulifikiri niliziacha kwa ajili ya wateja. Laiti ingekuwa hivyo, ningekuwa na akili. Niliziacha kwa sababu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa mbili asubuhi, kulikuwa na mtu anayenisemesha. Nilikuwa naamka, naoga, navaa vizuri, naketi kwenye kiti cha cherehani na simu mapajani. Siku nyingine nne za wiki zilikuwa njia tu ya kufikia hizo tatu. Baada ya watu wa msiba kutawanyika na binti yako kurudi kazini, nilikuwa nikishinda siku nzima bila kusema neno ila vipimo. Sentimita sitini. Sentimita arobaini na tano. Nikatambua siku moja kwamba navisema kwa sauti ili nisikie mtu.

Jumatano ya kwanza aliandika ushauri wake, watu wasikalie mikono ya kochi kwa sababu mkono si kiti. Mwishoni akasema: "Leo nipo karakanani mchana kutwa, leteni stuli zenu zilizochoka." Saa nne akaja mzee mmoja, mwalimu mstaafu, na stuli mbili kwenye mkokoteni.

"Fundi yuko wapi?" akauliza. "Ameniita mwenyewe asubuhi hii."

Nikamwambia kwamba fundi tumemzika Jumamosi. Aliniangalia, akaangalia simu yake, akaniangalia tena. Halafu akashusha stuli moja, ile mbovu zaidi, akaikalia. Kisha akasema, "Basi nifanyie wewe. Nimeshafika." Nikazifanya, na zilikuwa kazi yangu ya kwanza peke yangu kuanzia fremu mpaka kitambaa. Misumari ya pembeni niliirudia mara mbili, lakini ukizitazama huwezi kujua.

Wengine hawakuwa kama yeye. Chini ya utani wa Ijumaa wa kwanza watu kumi na mmoja walicheka, na watatu wakaandika pole kwa msiba, palepale, vicheko na pole vimepangana. Mwenye mgahawa wa barabara kuu alikuwa ameacha kwetu viti vyake kumi na viwili. Akaja na gari kuvichukua vikiwa uchi, sponji nje, akisema yeye alidhani fundi yupo. Nilimsaidia kupakia. Mtaani nikasikia wanasema mjane anamfanyisha marehemu biashara. Maneno hayo niliyabeba. Yalikuwa ya watu wa mbali.

Yako ndiyo yaliyonishinda.

Naijua ile posti ya Ijumaa ya wiki ya tatu kwa moyo. Picha ya stuli ndogo ya mbao za kasha, ile iliyo hapa kwenye rafu mpaka leo, mguu mmoja mfupi. "Stuli yangu ya kwanza. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Mteja alikuwa dada yangu, miaka saba, hafikii karo la kuoshea vyombo. Ni mteja mkali kuliko wote niliowahi kupata. Alipanda, akashuka, akasema inacheza. Mpaka leo anasema inacheza."

Ulinipigia ukiwa kazini, nikasikia vitanda vinasukumwa nyuma yako. Ukasema, "Wifi, udongo wa kaka yangu haujakauka umeshamtafutia wateja?" Nikasema ngoja nikueleze. Ukasema, "Stuli ile si ya dukani. Ile ni yetu. Ni yangu mimi na yeye." Kisha ukakata.

Wifi yangu, sikiliza. Siku ile, kwa mujibu wa daftari, kaka yako alitakiwa awe nyumbani kwako kwa siku ya ishirini. Pembeni ya chumba hicho cha Ijumaa ameandika kwa penseli, kwa herufi ndogo: "awe karibu nami ikitoka." Aliipanga siku ambayo, kwa ratiba aliyopewa na shemeji, mlitakiwa mpumzike wote, kabla zamu yako haijabadilishwa. Alitaka mkae pamoja, simu ilie, uisome mbele yake, halafu useme kwamba kweli ile stuli ilikuwa inacheza. Hakuiandika kwa wateja. Aliwaazima tu. Mteja alikuwa wewe.

Daftari ninalo. Nimekunjia ukurasa huo ndani ya bahasha hii, uone mwandiko wake mwenyewe. Nimeuchana taratibu kwa wembe, haukuharibika.

Baada ya simu yako nilijaribu kuacha kuzisoma. Niliiacha simu ndani ya debe la vipande vya vitambaa nikaenda kusimama barabarani mpaka saa mbili ikapita. Nikarudi saa mbili na dakika tano, mbio. Ndivyo nilivyokuwa.

Wiki ya sita ilipokaribia nikaanza kuogopa jambo jingine. Kile chumba cha mwisho kwenye daftari, cha Ijumaa ya mwisho, hakikuwa na maneno wala picha. Alikuwa ameandika "surprise ya wote", yaani jambo la kuwashtukiza watu wote, na kupiga mstari chini. Sikujua ni nini. Nilifikiri: kama ni jambo litakalomdhalilisha? Kama ni jambo litakalokuumiza wewe tena? Nikachukua simu yake kutoka kwenye mfuko wa koti nikaenda nayo kona kwa dada fundi simu.

Akaichaji, akaitazama, akasema, "Naweza kuifungua kwa nguvu, lakini vyote vilivyomo vitafutika. Tukiingia kwenye ukurasa kupitia simu yako, tunahitaji neno lake la siri. Tunaweza kukosea mara tano tu, ya sita wanatufungia nje."

Nikampa jina langu na mwaka wa ndoa yetu. Halikufungua. Nikampa jina la binti yetu na mwaka aliozaliwa. Halikufungua. Nikampa jina la karakana. Halikufungua. Yule dada akavua miwani akaifuta kwa khanga, akaniuliza polepole, kwa aibu, "Mama, samahani. Alimpenda nani mwingine?"

Nikacheka, wifi. Nilicheka pale kibandani mpaka wapita njia wakachungulia, mara ya kwanza tangu siku ile. Na katikati ya kicheko nikapata jibu. Nikamwambia, "Andika mkaguzi." Maana ndivyo alivyokuita siku zote, hata simu yako ikiingia alikuwa anauliza, "Mkaguzi anasemaje leo?" Tukaandika mkaguzi. Halikufungua. Imebaki mara moja. Dada akasema maneno haya siku hizi yanataka na namba. Nikafikiri ule umri wako uliokuwa kwenye posti ya stuli. Nikamwambia aweke saba mwishoni. Ukafunguka.

Nisikudanganye kwamba haikuniuma. Miaka ishirini na sita tumelala mto mmoja, na mlango wake ulifunguka kwa jina lako. Nilirudi nyumbani nikiwaza hilo njia nzima. Kesho yake uchungu ukapungua. Nikaona kwamba mimi sikuhitaji kukumbukwa, nilikuwa nimekaa mbele yake kila siku. Wewe ndiye uliyekuwa mbali, wewe ndiye aliyehitaji kukutaja.

Posti ya mwisho ilikuwa imo, inasubiri Ijumaa. Hakuna aliyeisoma ila mimi, yule dada, na sasa wewe. Nakunakilia kama ilivyo:

"Wateja wangu, leo naungama. Wiki sita zote mlizoniona hapa, sikuwapo. Nilikuwa mbali, kwa dada yangu mmoja tu niliye naye, nakula chakula chake na kumuudhi. Makochi yenu yote yaliyotoka wiki hizi ameyavisha mke wangu kwa mikono yake. Mliyasifu mkidhani ni yangu. Kuanzia leo mkija muulizeni yeye kwanza. Mimi ni msaidizi. Nimerudi."

Nilisoma nikaketi kwenye kiti cha wateja pale kibandani, na yule dada akafunga dirisha la mbele bila kuambiwa.

Wifi, ningependa dunia nzima iisome. Hakuna mtu aliyewahi kunisifu hadharani, na yeye mwenyewe usoni alikuwa hasifu, alikuwa anagonga tu kochi kwa kiganja mara mbili anaendelea na kazi. Lakini lile neno la mwisho. Nimerudi. Nilikufikiria wewe huko, umeshika simu, unasoma kaka yako amerudi. Nilimfikiria na mwalimu mstaafu. Nilijifikiria na mimi, maana najijua: ningeenda kufungua mlango.

Yule dada akaniambia naweza kufuta neno hilo moja, mengine yakabaki. Nikajaribu. Kidole kikakataa. Maneno ya mtu aliyekufa siwezi kuyakata kama kitambaa kilichozidi. Basi nikaisimamisha yote, nikaandika ya kwangu, ya kwanza maishani mwangu. Ilinichukua asubuhi nzima na haina utani:

"Fundi wetu alifariki wiki sita zilizopita. Posti mlizosoma aliziandika yeye akiwa mzima, akijiandaa kumtembelea dada yake. Niliziacha kwa sababu nilimkumbuka. Mliokwazika mnisamehe. Makochi ya wiki hizi nimeyavisha mimi, mkewe. Karakana iko wazi."

Watu waliandika mengi, mema na mabaya, siku mbili. Kisha kimya. Jumatatu iliyofuata niliamka, nikaoga, nikavaa, nikaketi na simu mapajani, saa mbili ikafika, ikapita. Hapo ndipo nilipofiwa kweli. Wiki ile hakuja mteja hata mmoja. Nilifagia karakana ambayo haikuwa na takataka. Niliwahi kwenda duka la rangi kuuliza rangi ya kijani ipo ya aina ngapi, na sina ukuta wa kupaka, nilitaka tu muuza rangi anijibu. Alinionyesha makopo yote ya kijani, moja baada ya jingine, nadhani alielewa.

Yule mwalimu mstaafu ndiye aliyenitoa. Alikuja na stuli ya jirani yake, akaniuliza mbona ukurasa umelala. Nikasema sina la kuandika. Akasema, "Mwandikie mtu mmoja. Mimi nilifundisha darasa la watoto hamsini kwa kumtazama mmoja aliyekaa dirishani." Akaacha stuli akaenda zake.

Jumapili iliyofuata nikafungua daftari, ukurasa mpya, nikachora vyumba vyangu. Safu mbili tu, sina pumzi ya sita. Hakuna wa kushika shuka, kwa hiyo nimelitundika kwa pini kwenye kamba, linapepea, picha nyingi zina mawimbi. Moja ina kidole changu kikubwa kuliko kochi. Posti yangu ya kwanza ilipata laiki nne, moja yangu mwenyewe, niliibonyeza kwa bahati mbaya nikashindwa kuiondoa. Lakini mwenye saluni ya ghorofani aliiona, ameleta viti vyake sita. Wiki iliyopita akaja mama mmoja na kochi kubwa la urithi, akasema, "Nimekuja kwa yule mke anayeandika kwa kifupi."

Ni kazi ngeni kwangu, wifi, kukaa Jumapili na kuandika maneno ya kusomwa Ijumaa. Lazima uamini kwamba Ijumaa itakuwepo na wewe utakuwemo ndani yake. Kaka yako aliweza hivyo kwa urahisi, wiki sita mbele, akipiga mluzi. Mimi naandika neno, nafuta, natazama mlango. Lakini nikimaliza safu moja nahisi kama nimejiahidi kitu, na mpaka sasa nimekuwa nikitimiza.

Mtu mmoja ninayemwandikia ni wewe. Nilijua utauliza.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Zile posti zake kumi na saba bado ziko kwenye ukurasa, watu wanazipita, wengine wanacheka upya. Na ile ya kumi na nane imehifadhiwa humo, haijatumwa wala kufutwa. Nimezikalia kana kwamba ni mali yangu peke yangu, na siyo haki. Ulikuwa naye miaka mingi kabla mimi sijajua hata jina lake. Neno la siri sasa unalijua. Ingia. Ukitaka kufuta ya stuli, futa. Ukitaka kuzifuta zote zisionekane tena machoni pa watu, futa, huna haja ya kuniomba ruhusa wala kunieleza. Ukitaka zibaki, ziache. Sijazinakili mahali popote isipokuwa hizi nilizokuandikia humu, nazo ziko mikononi mwako. Asubuhi ya leo nimezisoma zote kwa sauti karakanani, mlango umefungwa, kuanzia ile ya kochi lililokata tamaa. Zimenitosha. Nikifungua siku yoyote nikakuta patupu, nitajua umefika, na hilo pekee litanifurahisha kuliko unavyodhani.

Nisalimie sana shemeji, mwambie siri yake nimeivunja mimi na anilaumu mimi. Wanangu wawili wakumbatie kwa niaba yangu, mkubwa asikimbie kukumbatiwa kwa kisingizio cha ndevu. Binti yako anakuamkia shangazi yake na anasema umjibu yeye basi, kama mimi bado. Shangazi yenu mkubwa anakusalimu, masikio yamekuwa mazito lakini jina lako bado analisikia. Muuza rangi na dada fundi simu nao wanasalimia, hawakujui ila wamekusikia sana.

Mungu akupe usingizi mzuri baada ya kazi nzito, akunyooshee mgongo, na atuwekee siku ya kuonana tukiwa bado tunatambuana sura.

Ni mimi nikupendaye, simu yako ikiwa wazi au imefungwa,

Wifi yako, mke wa kaka yako mpaka leo.